Somo la 9: Mwalimu wa Elimu Maalumu Anapochoka Moyo

Natumaini mmekwisha kaa, na kila kikundi kina kitabu chake na mtu wa kuandika. Juma lililopita tulizungumza habari za watoto wenye ulemavu na haki yao ya kusoma. Leo tumtazame yule anayewafundisha.

Somo letu ni juu ya uchovu. Lakini si uchovu wa kulima, ambao mtu akioga na kulala usiku mmoja humtoka. Ni uchovu wa namna nyingine, unaoingia polepole kama chumvi inavyoingia katika ukuta wa nyumba iliyo karibu na bahari. Tena humpata zaidi mtu aliyeipenda kazi yake. Mvivu haumpati, maana mvivu hakuweka moyo wake pale.

Sisi tunaokaa mwambao huu, kutoka Bunju na Mapinga, kupita Kerege na Zinga mpaka Bagamoyo mjini, kisha kuvuka mto Ruvu kwenda Makurunge, Matipwili na Saadani, shule zetu twazijua. Baadhi ya shule za msingi, huku na kwingineko nchini, zina chumba kimoja au viwili vinavyoitwa kitengo cha elimu maalumu. Labda mtu atauliza, kitengo hicho kimetoka wapi?

Zamani mtoto asiyeona au kiziwi, akibahatika kusoma, alipelekwa mbali. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950, na ile ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Zote mbili zilianzishwa na makanisa, na zote ziko bara. Mzazi wa Saadani alikuwa na haki ya kusita kumpakia mtoto wa miaka saba katika gari moshi, asimwone tena mpaka likizo. Polepole nchi ikashika njia ya pili: mtoto asome katika shule ya kwao, karibu na wenzake, na mwalimu mwenye ujuzi apelekwe huko. Azimio la Salamanca, lililopitishwa Hispania mwaka 1994, liliitia nguvu njia hiyo duniani, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaiandika katika sheria zetu.

Njia hiyo ni njema, nami siibishi. Lakini angalieni jambo moja. Katika shule ya bweni ya watoto wasioona, walimu wako wengi na kazi yao ni moja. Jioni huulizana: mtoto huyu wewe ulimwanzaje? Katika kitengo cha kijijini aghalabu mwalimu yuko peke yake, au wako wawili. Mtoto ameletwa karibu na mama yake, na mwalimu amepelekwa mbali na wenzake.

Sasa tumchukue mwalimu mmoja wa kufikirika tu, mwanamke, katika shule iliyo kando ya njia ya mchanga, kati ya minazi na mashamba ya chumvi. Tuseme alisomea Patandi, kule Tengeru karibu na Arusha, au katika chuo kikuu cha Lushoto chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, kilichoanza kufundisha elimu maalumu mwaka 2007. Alijifunza hasa kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Alipofika kituoni akakuta watoto kumi na wanne wa kila namna. Mdogo ana miaka saba, mkubwa ana kumi na sita na ndevu zaanza kumtoka. Wawili hawasikii. Mmoja haoni. Mmoja ana usonji, na mvua ikipiga juu ya bati huziba masikio na kukimbia nje. Watatu wana kifafa. Waliobaki akili zao hukua polepole, kila mmoja kwa mwendo wake.

Saa mbili asubuhi anaanza. Kwa wale viziwi hana budi kutumia mikono, tena wao hawana budi kumtazama. Lakini yule asiyeona hafaidiki na mikono. Yeye anataka sauti. Basi mwalimu atasema kwa kinywa na kwa mikono pamoja, huku jicho moja liko mlangoni kwa yule anayekimbia. Asiyeona anahitaji mashine ya nukta nundu. Ile ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham huko Marekani na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951, ni ya chuma, ina uzito wa karibu kilo tano na vitufe sita vya kupigia nukta. Ni mashine imara sana, lakini hewa ya bahari haina urafiki na chuma, na fundi wa kuitengeneza si mtu utakayemkuta kando ya fundi baiskeli. Ikikwama, mwalimu hurudi kwenye kibao na msumari, nukta moja moja.

Saa nne mtoto mmoja anaanguka kifafa. Mwalimu anamlaza ubavu, anawaondoa wenzake, anangoja. Kikipita, nguo zimelowa, na hakuna mtu mwingine wa kumwosha. Wakati huo wale kumi na watatu wanafanya nini? Mchana kuna uji, na wako wasioweza kujilisha. Kuna kwenda msalani, na wako wasioweza kwenda peke yao. Kumfundisha mtoto wa miaka kumi na moja kufunga vifungo vya shati kwaweza kuchukua muhula mzima. Siku anapofunga cha mwisho, mwalimu peke yake ndiye ajuaye kwamba jambo kubwa limetokea.

Hapo, ndugu zangu, ndipo penye kisa. Kazi hii haionekani. Shule hupimwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Majina hubandikwa ubaoni, mwalimu wa hesabu hupongezwa. Vifungo vya shati havimo katika mtihani huo. Mtoto aliyejifunza kusema kwa mikono kwamba tumbo lamuuma hayumo. Mwaka ukiisha, mwalimu wa kitengo hukaa mwishoni mwa benchi katika kikao, na taarifa yake husomwa kwa sentensi moja.

Wako hata wanaomwita “mwalimu wa mazezeta.” Naye hucheka, maana angefanyaje? Lakini neno hilo huenda naye nyumbani.

Jioni huja mama wa mtoto. Hakuja kuuliza habari za masomo. Amekuja kusema kwamba mume ameondoka, na kwamba shemeji zake wanasema mtoto ni wa mashetani, au kwamba amerogwa kwa sababu ya shamba. Mwalimu hakusomea kusuluhisha nyumba za watu, lakini mama huyo hana mwingine wa kumweleza. Basi humsikiliza mpaka magharibi. Kesho atakuja mwingine.

Tena kuna jambo la wingi wa wanafunzi. Tangu Januari 2016, ada na michango ilipofutwa katika shule za serikali, watoto wameongezeka sana madarasani. Ni neema kubwa, na wazazi wengi waliokata tamaa wakawaleta watoto wao. Lakini mtazameni mwalimu mkuu ambaye darasa lake la kwanza halina mwalimu asubuhi hiyo. Huangaza huku na huku, akaona chumba chenye watoto kumi na wanne tu. Humwita mwalimu wa kitengo akashike darasa la kwanza “kwa leo.” Simlaumu sana mwalimu mkuu, maana naye anajenga nyumba kwa fito chache. Ila leo hiyo hugeuka juma, na juma muhula.

Jambo hili halikuanzia kwetu, wala halikutambuliwa kwanza kwa walimu. Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia aitwaye Herbert Freudenberger, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, aliandika aliyoyaona mjini New York. Alikuwa akijitolea katika zahanati ya bure iliyowatibu vijana waliotumia dawa za kulevya. Wenzake walianza kazi kwa moyo mkubwa, bila kuhesabu saa. Baada ya mwaka mmoja hivi akawaona wamebadilika: wachovu, wakali, wenye kuwadharau wale wale waliokuja kuwasaidia. Yeye mwenyewe yalimpata. Akaliita jambo hilo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuungua mpaka kwisha.

Sisi twaweza kulifahamu kwa kibatari. Mafuta yakiwamo, kinachoungua ni mafuta, na utambi hudumu. Mafuta yakiisha, taa haizimiki mara moja. Huungua utambi wenyewe, ikatoa moshi mwingi kuliko mwanga. Anayeitazama kwa mbali husema bado inawaka.

Mwaka 1981 Christina Maslach wa California, pamoja na mwenzake Susan Jackson, walitoa kipimo chenye kuangalia mambo matatu, nacho chatumika mpaka leo. La kwanza ni kwisha nguvu za moyo. La pili ni kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, si watu. La tatu ni kuhisi kwamba kazi yako yote haina faida. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza hali hii katika orodha yake mpya ya magonjwa na mambo ya afya, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini halikuiita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Yashikeni maneno hayo: inatokana na kazi. Halikusema inatokana na udhaifu wa mtu.

Basi mtamjuaje mwalimu aliyefika hapo? Uchovu wa kawaida huisha likizo ya Desemba. Huyu hurudi Januari akiwa amechoka tangu siku ya kwanza. Usiku hapati usingizi, na asubuhi miguu mizito. Zamani alimwita kila mtoto kwa jina lake, sasa husema “yule wa kifafa,” “yule kiziwi.” Zamani alikwenda nyumbani kwa mtoto asiyefika shule; sasa mtoto asipofika moyo wake hupata nafuu, kisha huona haya kwa nafuu ile. Haya hiyo ndiyo inayomla zaidi. Hamwambii mtu, kwa sababu watu husema kazi ya watoto hawa ni ya thawabu, na nani akiri kwamba amechoka na thawabu?

Hapa lazima niweke angalizo. Si kila uchovu ni huu. Malaria ya kurudirudi, upungufu wa damu, kisukari, na ugonjwa wa sonona, vyote vyaweza kumfanya mtu awe hivyo hivyo. Kwa hiyo mwalimu wa namna hii kwanza aende akapimwe. Na kama amefika mahali pa kusema heri nisingekuwapo duniani, msimwache peke yake, wala msingoje kikao. Mpelekeni hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo.

Mwisho wa jambo hili wengi mmeuona, ingawa hamkulijua jina lake. Mwalimu huomba uhamisho. Hupewa, au huacha kazi. Chumba hufungwa kwa kufuli “mpaka aje mwingine.” Baada ya miezi mitatu kimekuwa stoo ya majembe na madawati yaliyovunjika. Wale watoto kumi na wanne hurudi nyumbani. Aliyekuwa amejifunza kwenda msalani peke yake husahau. Anayekimbia hufungwa kamba mguuni ili asifike baharini. Mama aliyekuwa akienda asubuhi kukaanga samaki sokoni hawezi tena kutoka, na nyumba iliyokuwa ikila mara mbili hula mara moja. Mwalimu mmoja ameondoka, na nyumba kumi na nne zimetikisika.

Basi tufanyeje? Wengine husema tumwite mwalimu katika semina afundishwe namna ya kupumzika. Mimi sina imani kubwa na semina hizo. Mtu aliyebeba magunia mawili humsaidii kwa kumfundisha kupumua. Mpunguzie gunia moja. Hapa Bagamoyo twawajua mafundi wa majahazi. Jahazi likianza kuvuja, nahodha halitukani. Hulipandisha pwani wakati wa bamvua, likakwanguliwa, likakalafatiwa kwa pamba na mafuta, likapakwa deheni, kisha likarudi majini. Wala hangoji mpaka livuje. Hufanya hivyo kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa ajua maji ya chumvi yanafanya nini kwa mbao.

Nianze na wewe mwalimu mkuu, maana uwezo wako ni mkubwa kuliko unavyodhani. Mwalimu wa kitengo apate kipindi kimoja kila siku ambacho mtu mwingine yuko na watoto wake, hata kama ni kuimba tu au kucheza mpira. Hilo halihitaji fedha. Siku ukilazimika kumwondoa, iandike katika daftari, na mwisho wa mwezi uhesabu siku hizo. Hesabu hiyo yaweza kukushtua. Taarifa ya kitengo isomwe katika kikao cha wazazi kwa urefu ule ule wa darasa la saba. Yule mtoto wa vifungo aletwe mbele, kama yeye na mama yake wanapenda, afunge shati lake watu wamwone.

Kamati ya shule, ninyi mnaijua kazi ya msaragambo. Uzio wa makuti kuzunguka kitengo ni kazi ya Jumamosi moja, na siku hiyo mwalimu atapata kufundisha kwa macho mawili. Wakati wa uji, mama wawili wa zamu kila siku, kwa mzunguko. Ikiwa watoto ni kumi na wanne, kila mama hufika mara moja tu kila baada ya siku saba za shule. Nawaomba akina baba nao waingie katika zamu hiyo. Mtoto si wa mama peke yake. Kwa wenye kifafa, mzazi na ahakikishe mtoto anakunywa dawa zake kila siku bila kuruka. Mara nyingi kuanguka kwa mtoto darasani hutokana na chupa iliyokwisha nyumbani.

Ninyi maofisa elimu wa kata na wilaya mnaosikiliza, nawaombeni jambo moja kuliko yote: wakutanisheni. Walimu wa vitengo vya Kerege, vya mjini na vya ng’ambo ya Ruvu, kama wapo, wapate siku moja kila mwezi wakae pamoja, kwa nauli iliyolipwa, bila hotuba ya mgeni rasmi. Waulizane: mtoto huyu wewe ulimwanzaje? Na mnapopanga walimu wapya, wapangeni wawili wawili, hata kama itamaanisha kitengo kingine kingoje mwaka mmoja. Najua ni uamuzi mchungu. Lakini kitengo kinachofunguliwa kwa mwalimu mmoja na kufungwa baada ya miaka miwili hakikumsaidia mtoto, kilimwonjesha tu.

Nawe mwalimu mwenyewe. Sitakuambia ujikaze, umejikaza vya kutosha. Chukua daftari dogo, kila mtoto ukurasa wake, uandike kila Ijumaa jambo moja alilolifanya juma hili ambalo hakuliweza zamani. Si kwa mkaguzi, ni kwako. Moyo uliochoka husahau upesi, ukaamini kwamba hakuna kilichobadilika, lakini maandishi hayasahau. Weka pia saa ya kuwapokea wazazi, tuseme Jumatano alasiri, na siku nyingine uende nyumbani kwako. Mama mwenye dharura atakuja tu, lakini wale wengine watajifunza siku yao. Na umtafute mtu mmoja, awe mwalimu au shangazi au jirani, ambaye mbele yake waweza kusema “leo nimewachoka watoto hawa,” asikuhukumu.

Haya yote hayatoshi, na sitaki kuwadanganya. Kijiji hakiwezi kuajiri mwalimu wa pili, wala kamati ya shule haiwezi kununua mashine ya nukta nundu. Hayo ni ya serikali, na ninyi mna haki ya kuyadai kwa barua, kupitia serikali ya kijiji na diwani wenu. Mkiandika barua hiyo, yafaa muambatishe ile hesabu ya siku mwalimu alizoondolewa darasani. Barua yenye hesabu husomwa.

Sasa muda wetu umekwisha. Kabla hamjaondoka, kikundi kizungumze mambo haya, na mwandishi ayaandike. Je, shule yenu ina kitengo? Kama kipo, mwalimu wake mwamjua jina, na mara ya mwisho mtu wa kikundi hiki kuingia katika chumba hicho ilikuwa lini? Kama hakipo, ni watoto wangapi wa kijijini kwenu walio nyumbani kwa sababu hiyo? Ni nyumba zipi zaweza kuanza zamu ya uji juma lijalo? Na mwalimu yule akiugua kesho asubuhi, nani atafungua mlango wa darasa lake?